Maikrofoni ya Marehemu



Msikilizaji, juzi alasiri niliketi hapo Laithauzi, Mombasa, kwenye ukuta unaotazama mlango wa bahari, na mihogo yangu ya kukaanga mkononi, ndimu na pilipili juu yake. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini polepole. Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wameegemea gari, wameiweka simu juu ya boneti, wanatazama tamasha la muziki wa roki. Walifungulia sauti mpaka mwisho, nikageuka. Mmoja wao akaniuliza kwa adabu, “Ami, wewe ni mtu wa muziki. Hawa si Queen? Na mwimbaji wao si alikufa kabla hatujazaliwa? Sasa huyu anayeimba ni nani?”

Nikamtajia jina. Kijana akaitazama tena ile simu, akasikiliza ubeti mzima, kisha akasema, “Anaimba vizuri. Lakini si yeye.”

Nimelala na maneno hayo na nimeamka nayo, kwa sababu si mara ya kwanza kuyasikia. Niliwahi kuyasikia miaka mingi iliyopita katika ukumbi wa harusi Mji wa Kale, kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akilia, nami nimekaa na ngoma yangu ya dumbak mapajani nisijue pa kuweka uso. Nitafika huko. Niache kwanza nimzungumzie huyo marehemu wa Queen, maana hata yeye ni wa pwani yetu.

Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Jina alilopewa na wazazi wake, Bomi na Jer, ni Farrokh Bulsara. Walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, na baba alikuwa mtunza fedha katika serikali ya Kiingereza. Akiwa na miaka minane mtoto alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Akarudi Unguja akiwa kijana. Na mwaka 1964, baada ya mapinduzi, jamaa yote ikahamia Uingereza. Leo ukipita Shangani utaiona nyumba ya makumbusho yenye jina lake, iliyofunguliwa mwaka 2019. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na umri wa miaka 45. Sauti ile ilikuwa ikipanda na kushuka kama mtu anayezijua ngazi za nyumba yake gizani.

Nyuma yake aliacha watu watatu: Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa ngoma, na John Deacon wa besi. Hebu jitie katika nafasi yao. Bendi yako inajulikana dunia nzima, nyimbo zinadaiwa kila siku, na yule aliyezitoa kifuani yuko kaburini. Walichofanya kwanza ni ungwana mtupu. Aprili 1992 waliita tamasha la kumkumbuka katika uwanja wa Wembley, na kila wimbo wakampa mtu wake: George Michael, Elton John, Annie Lennox, Liza Minnelli na wengineo. Hakuna aliyeambiwa kiti ni chako. Pengo la mtu mmoja lilipokewa na jukwaa zima, nao wasikilizaji wakaachiwa nafasi ya kulia.

Deacon aliacha muziki miaka michache baadaye, wakabaki wawili. Mwaka 2004 wakaungana na Paul Rodgers, aliyewahi kuimba katika bendi za Free na Bad Company, mtu mwenye sauti yake nzito ya bluzi, ambaye hakujaribu hata siku moja kuwa Freddie. Mwaka 2008 wakatoa naye albamu ya nyimbo mpya, na mwaka 2009 wakaachana kwa heri. Ndipo akaja Adam Lambert, kijana wa Kimarekani aliyejulikana kupitia mashindano ya uimbaji ya televisheni mwaka huo huo wa 2009, na tangu mwaka 2012 anazunguka nao dunia. Freddie alipofariki, Lambert alikuwa mtoto wa miaka tisa.

Nataka utazame namna wanavyoliandika jina. Hawaandiki Queen peke yake. Wanaandika Queen, kisha alama ya kujumlisha, kisha Adam Lambert, kama walivyofanya kwa Rodgers. Kwangu mimi alama ile ndogo ya hesabu imebeba heshima kubwa. Inamwambia msikilizaji kwamba hakuna aliyefutwa hapa, kuna aliyeongezwa. Na Lambert mwenyewe akishika maikrofoni huwaambia watu waziwazi kwamba Freddie ni mmoja, na kwamba hata yeye amekuja kama mpenzi wa Freddie. Kisha katika onyesho kuna wakati Freddie mwenyewe hutokea kwenye skrini akaimba kipande chake, na aliye hai humwachia.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifungua macho. Yuko mwimbaji wa Kanada aitwaye Marc Martel. Huyu sauti yake inafanana na ya Freddie mpaka ukifumba macho unashtuka. Filamu ya maisha ya Freddie ilipotengenezwa, ikatoka mwaka 2018, sauti ya Martel ilitumika katika baadhi ya sehemu za kuimba. Roger Taylor alikuwa akimjua zamani, kwani ndiye aliyewahi kumchagua katika kundi rasmi la kuziimba nyimbo za Queen kwa kuigiza. Kwa hiyo sauti pacha walikuwa nayo. Wangeinyoosha tu mikono wakaichukua. Lakini kwenye kundi la kuigiza walimweka anayefanana, na katika bendi yenyewe wakamweka asiyefanana.

Kwa nini? Sikuwahi kukaa nao kikao, lakini jibu ninalo, kwa sababu sisi tulifanya kinyume chake, na tukaona.

Bendi yetu ilikuwa ndogo, ya harusi za Mji wa Kale na Majengo, mara moja moja Malindi na Lamu. Kodiani, fidla, taishokoto, tabla, na mimi kwenye dumbak. Mwimbaji wetu alikuwa mtu wa Kuze, sitamtaja, watoto wake wako na wanasikiliza. Hakuwa maarufu nje ya pwani hii, lakini ndani yake palikuwa na akina mama waliopanga tarehe ya harusi kwa kufuata nafasi yake. Alikuwa na tabia moja: kabla ya kuingia ubeti wa mwisho alikuwa akivuta pumzi kwa sauti, nasi tukaijua ile pumzi kama ishara ya kupunguza kasi. Akaugua, hakukaa sana, akatutoka. Allah amrehemu.

Zilipopita siku arubaini kiongozi wetu akatuita. Harusi mbili zilikuwa zimeshalipiwa malipo ya kwanza. Akasema amepata kijana. Kijana akaja, mpole, kanzu safi, akaimba wimbo mmoja, na sisi sote tukatazamana. Alikuwa yeye! Alikuwa amejifunza nyimbo zile kwenye kanda tangu utotoni, ameziiga mpaka ile pumzi ya ubeti wa mwisho. Mpiga fidla akajifuta macho. Mimi nilishukuru Mungu, nikadhani tumeponea.

Usiku wa harusi tukaanza na wimbo ambao marehemu alikuwa akifungulia. Ukumbi ulikuwa umejaa, udi unanukia, akina mama wamevaa wakapendeza. Kijana akatoa sauti ile. Ukumbi ukanyamaza, kimya kile nikakipenda, nikadhani ni cha kutekwa. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, hakuna aliyeinuka kutuza. Nawe unajua harusi zetu: mwimbaji asipotuzwa mpaka ubeti wa pili, kuna jambo. Kisha ikaja ile pumzi.

Mbele kabisa alikuwa ameketi dada mkubwa wa marehemu. Miaka yote alikuwa wa kwanza kuinuka. Alikuwa akija akicheza taratibu kwa mwendo wa ngoma, noti mkononi, akaibandika kwenye paji la uso la ndugu yake, na watu wote wakapiga vigelegele. Usiku ule aliposikia ile pumzi aliweka shela yake usoni, mabega yakaanza kutikisika. Akasimama akasema, si kwa ukali, “Si yeye, wanangu. Msitufanyie hivi.” Akatoka. Wengine wakamfuata. Kijana akaumaliza wimbo kwa sababu hakujua la kufanya, akaiweka maikrofoni sakafuni, akatokea mlango wa nyuma. Nilimkuta uani, ameuegemea ukuta, jasho linamtoka kama mwenye homa. Aliniuliza, “Nimekosea wapi?” Hakuwa amekosea hata neno moja.

Ndio maana nasema kosa lilikuwa letu. Tulimvika nguo ya maiti tukampeleka arusini. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri, na hii ilikuwa imeazimwa kaburini. Sauti inayofanana humrudisha marehemu mlangoni, msikilizaji akainuka kumpokea, akakuta hayumo. Katika kila neno anapewa na kunyang'anywa. Na huyo anayeiga naye hana raha, maana kila anapopatia sifa zinakwenda kaburini, na anapokosea aibu ni yake.

Mji wetu huu una deni katika habari hii. Januari 1979, hapa hapa Mombasa, mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki kwa ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 34. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, ndugu wameshindwa kutembeleana, lakini wimbo wake “Shida” ulikuwa ukipigwa pande zote mbili kana kwamba hakuna mpaka. Mtu aliyepanda kutoka Morogoro Jazz, akafika Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya mwaka 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, njia yake ikaishia kwenye lami ya mji wetu. Wazee wa hapa wangali wanaitaja siku ile kwa sauti ya chini.

Super Volcano haikurudi tena kwenye kimo chake. Na ukifikiri utaona kwamba swali la nani aimbe lilikuwa dogo. Mbaraka ndiye aliyepiga solo, ndiye aliyetunga, ndiye aliyeimba, ndiye aliyeongoza. Alipoanguka, hakuanguka mwimbaji. Ilianguka nguzo ya kati pamoja na paa lake. Ungeleta kijana mwenye koo la dhahabu, angeimba nini kesho? Nani angempigia lile gitaa lililokuwa likijibizana na sauti kama mume na mke waliozoeana?

Lakini Morogoro hiyo hiyo ilishauona msiba kama huo na ikatoka nao vingine. Salum Abdallah, mwanzilishi wa Cuban Marimba, alifariki mwaka 1965, naye pia kwa ajali ya gari. Huyo alikuwa jina kubwa kuliko yote katika dansi ya Tanganyika, mtu aliyezisikiliza santuri za Kuba akazigeuza Kiswahili. Uongozi ukashikwa na Juma Kilaza. Kilaza hakujifanya Salum. Alikuwa na sauti yake na tungo zake, akarekodi nyimbo zake mwenyewe kwa jina la bendi ile ile, na Cuban Marimba ikaendelea kushindana na Morogoro Jazz ya Mbaraka, mji mmoja, bendi mbili, wapenzi wamegawanyika kama wa mpira. Mimi naamini kwamba huyu ndiye mrithi bora aliyepata kutokea katika muziki wa Afrika Mashariki, na inaniuma kwamba anatajwa kidogo hivi. Labda mtu anayerithi vizuri husahauliwa kwa sababu hakuleta kelele.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa muziki hatulipendi kulizungumza, nalo ni mali. Vyombo ni vya nani? Jina la bendi ni la nani? Wimbo ukipigwa redioni, senti inakwenda kwa nani?

Franco Luambo alipofariki tarehe 12 Oktoba 1989, waimbaji bendi yake ya TPOK Jazz haikukosa. Alikuwapo Josky, alikuwapo Ndombe, alikuwapo Madilu, na Simaro Lutumba akiongoza, mtunzi ambaye Kinshasa walimwita mshairi. Kwa sauti wangeweza kuendelea miaka ishirini. Lakini jina na vyombo vilikuwa vya marehemu, basi vikawa vya familia yake, na wanamuziki na familia wakashindwa kuelewana kuhusu mapato. Mwishoni mwa mwaka 1993 bendi ikavunjika. Simaro na wenzake wakaanza upya kwa jina la Bana OK, maana yake kwa Kilingala ni watoto wa OK. Lisikilize jina hilo vizuri: watu wazima wenye mvi, waliopiga pamoja miaka na miaka, wanajiita watoto kwa sababu baba alikufa na nyumba haikuwa yao.

Linganisha na Msondo. Bendi ile ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, ikaitwa NUTA Jazz, ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, ikaitwa Msondo Ngoma. Imemzika TX Moshi William, ikamzika Muhiddin Maalim Gurumo mwaka 2014, na bado ngoma inalia. Vyombo havikuwa vya koo moja.

Na kabla ya Msondo kuna Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoasisiwa mwaka 1905. Hesabu mwenyewe ni waimbaji wangapi wamekwisha kuketi mbele ya kile kikundi na kuondoka duniani. Katika vyama vya tarabu vya Zanzibar, mtunzi wa shairi huwa mwingine, anayelitia sauti huwa mwingine, na mwimbaji huwa mwingine. Kazi imegawanywa mikononi mwa wengi tangu mwanzo. Mwimbaji akifa analiliwa kama ndugu, na chama kinakutana tena kama kawaida yake, kwa sababu chama kilikuwapo kabla yake.

Nitasema pia habari ya mwanamke mmoja, Bi Kidude, kwa sababu yeye alijua kurithi bila kuiga, na hakufundishwa. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili, alifariki mwaka 1950. Nyimbo zake zilichukuliwa na Bi Kidude, akaziimba mpaka karibu na kifo chake mwaka 2013. Zaidi ya miaka sitini! Na Bi Kidude hakuwa na sauti ya Siti. Sauti yake ilikuwa nene, ya moshi na ngoma ya unyago, akiichukua santuri ya zamani akaipasua katikati ili apite yeye. Hakuna aliyewahi kumsikia akadanganyika kwamba ni Siti, na ndiyo maana hakuna aliyemchukia kwa kutokuwa Siti.

Hapa Mombasa tuna kiti kingine ambacho kimebaki kitupu kwa namna yake. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliacha kuimba yeye mwenyewe miaka kadhaa kabla, kwa ajili ya dini yake. Mji ukakaa na sauti ambayo mwenyewe yu hai na amenyamaza. Ukimwona mtaani unamsalimia, na moyoni unauliza lile swali usilothubutu kulitoa. Vijana wa harusini wameimba nyimbo zake tangu hapo, wengine wakizivuta zile sauti za filamu za Kihindi kama alivyozivuta yeye. Nawasikiliza kwa mapenzi. Ila nikikutana nao huwauliza swali moja tu: shairi lako liko wapi? Bhalo alikuwa na washairi nyuma yake, mmoja wao Ahmad Nassir wa jamaa yake, na mji uliokuwa ukibishana barazani kwa beti. Ukichukua sauti ukaacha washairi, umechukua ganda.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na hao Queen niliowasifu. Pamoja na Rodgers walitoa nyimbo mpya. Pamoja na Lambert, miaka yote hii, hawajatoa albamu mpya ya studio. Kijana yule anaimba kwa ustadi ambao wachache wanao, na kila usiku anaimba maisha ya mtu mwingine. Ni mlinzi mwaminifu wa nyumba nzuri. Sasa tazama AC/DC wa Australia. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 1980. Wakamchukua Brian Johnson, na Julai mwaka huo huo wakatoa Back in Black, jalada jeusi tupu kwa maombolezo, nyimbo mpya kabisa zilizotungwa pamoja na mgeni. Ikawa miongoni mwa albamu zilizouzwa zaidi duniani. Siisifu haraka yao. Miezi mitano ni michache na mimi nisingeiweza. Nasifu kwamba siku ya kwanza mgeni alipewa kitu ambacho marehemu hakuwahi kukiimba. Hapo msikilizaji hana cha kulinganisha. Inambidi asikilize.

Na msikilizaji ni wewe. Tumezoea kuwalaumu wanamuziki, lakini nani aliyekaa ukumbini na mizani mkononi? Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, kisha mgeni akifika tunampima kwa kipimo cha aliyekufa. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Nimewahi kuzima redio wimbo haujafika katikati, kwa hasira tu, kwa sababu aliyeimba hakuwa yule niliyempenda nikiwa na miaka ishirini. Haikuwa hukumu ya muziki ile. Nilikuwa naulilia ujana wangu, na nikamtoza fidia mtu ambaye hakuniibia.

Haya, nirudi kule uani, kwa yule kijana.

Alikaa miezi saba bila kurudi. Kiongozi wetu alimfuata nyumbani mara tatu, akakataliwa mara mbili. Mara ya tatu kijana alitoa masharti. La kwanza, nyimbo zote zishushwe, kwa sababu sauti yake ya kweli ilikuwa ya chini kuliko ya marehemu, alikuwa akijikamua. La pili, tusifungulie wimbo wa marehemu. Alikuwa na shairi alilopewa na mzee mmoja wa Kibokoni, amelitia sauti mwenyewe, akataka tuanze na hilo. La tatu lilinishangaza: nyimbo za marehemu zitakapofika, ubeti wa kwanza asiimbe yeye. Uimbwe na sisi waitikiaji wote pamoja, wapigaji na sauti zetu mbovu, kisha yeye aingie ubeti wa pili.

Mpiga taishokoto alinung'unika kwa sababu ya kushusha, vidole vyake vilishazoea. Tulifanya mazoezi wiki tatu katika chumba cha juu, madirisha yamefungwa watu wasisikie.

Harusi ilikuwa ukumbi ule ule. Dada wa marehemu alikuwapo, aliitwa kwa sababu bibi arusi alikuwa mjukuu wa jirani yake, ameketi safu ya tatu safari hii, karibu na mlango. Shairi la mzee wa Kibokoni likapita, likapata vigelegele vya heshima, na noti mbili tatu. Kisha tukauingia wimbo wa marehemu. Sisi sote tukauimba ubeti wa kwanza, wazee watano na sauti zisizokubaliana, na nikasikia ukumbini akina mama wanauchukua pamoja nasi, kwanza wachache, halafu safu nzima. Kijana akaingia ubeti wa pili kwa sauti yake ya chini, yenye mkwaruzo, sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Alipofika ubeti wa mwisho hakuvuta pumzi. Alitutazama tu, akainamisha kichwa, tukapunguza kasi.

Yule mama akainuka. Akaja kwa mwendo wake ule ule wa taratibu, noti mkononi, ukumbi wote unamtazama. Akafika mbele ya kijana, akainua mkono kuelekea paji la uso, mkono ukasimama hewani. Nilikosa pigo. Kisha akaushusha, akaushika mkono wa kijana usioshika maikrofoni, akaiweka noti kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja.